Nani hulipia siku ya kusubiri upepo?

WASWAHILI wana methali mbili zisizopatana. Ya kwanza inasema subira huvuta heri. Ya pili inajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mialo ya Ziwa Victoria mkoani Geita, kuanzia Nkome hadi Chato na ng'ambo katika kisiwa cha Izumacheli, methali hizo hukutana jioni nyingi za mwaka. Mitumbwi ya dagaa imepangwa ufukweni, taa zimekaguliwa, petroli imekwishanunuliwa, na mbali upande wa kaskazini wingu jeusi limesimama juu ya maji. Waende au wangoje?

Swali hilo huonekana kuwa la wavuvi peke yao. Kumbe linamgusa pia mama lishe wa Katoro, mchimbaji mdogo wa Nyarugusu na mkulima wa pamba wa Kishapu anayenunua dagaa kwa kisado siku ya gulio. Usiku ambao boti hazikutoka huja kuonekana katika masoko ya Kahama na Shinyanga siku chache baadaye, mzigo ukiwa mdogo na bei ikiwa imepanda. Kwa hesabu za uchumi, kusubiri hali nzuri ya hewa ni gharama kama zilivyo petroli na nyavu. Tofauti ni kwamba petroli ina risiti. Gharama ya kusubiri haina risiti, na kwa sababu hiyo ni rahisi kumtwisha mtu asiyeweza kuikataa.

Kilwa ilivyotajirishwa na msimu

Watu wa pwani waliijua gharama hiyo tangu kale, tena kwa kiwango kikubwa zaidi. Majahazi ya Bahari ya Hindi yalitegemea pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi na ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na India. Kisha hugeuka ikawa kusi, ambayo huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, nayo ndiyo iliyovirudisha vyombo kwao. Lakini katikati ya kusi, hasa Juni na Julai, bahari ya upande wa Arabuni na India huchafuka mno, na bandari za huko zilikuwa kama zimefungwa. Nahodha aliyeshindwa kung'oa nanga Aprili au Mei hakuwa na la kufanya ila kungoja hadi kusi ilegee, mnamo Agosti au Septemba, majira ambayo mabaharia wa pwani huyaita demani.

Kutokana na ratiba hiyo ya pepo, mji mmoja ulitajirika kuliko mingine. Chombo kilichotoka Arabuni kiliweza kufika Kilwa na kurudi ndani ya mwaka mmoja wa pepo. Kwenda mbele zaidi hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, ambako dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilishuka pwani, kulimaanisha kuukosa msimu wa kurudi na kukaa ugenini mwaka mwingine. Wafanyabiashara wa Kilwa ndio waliochukua safari hiyo ya kusini. Waliikusanya dhahabu, wakaiweka tayari kwa mgeni aliyekuja na kaskazi na kutaka kuondoka na kusi. Mgeni hakulipia dhahabu tu, alilipia pia mwaka ambao hakulazimika kuupoteza. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji uliostawi, na magofu ya Husuni Kubwa yanaonyesha hadi leo faida hiyo ilifikia kiwango gani.

Na aliyekataa kusubiri? Mfano wake unajulikana. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, mtu aliyeijua kusi. Pwani ya India ilifikiwa baada ya siku 26 hivi. Wakati wa kurudi, Wareno hao waligombana na wenyeji wa Calicut na hawakutaka kungoja kaskazi ishike. Waliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, upepo ukiwa bado haujageuka, wakafika pwani ya Somalia tarehe 2 Januari 1499. Safari ya siku 26 iliwachukua karibu miezi mitatu. Kiseyeye kiliua mabaharia wengi kiasi kwamba waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu, ikabidi wateketeze moja, São Rafael, katika pwani yetu. Miezi miwili ya subira ingekuwa nafuu kuliko meli nzima.

Jambo la kuangalia hapa ni namna watu wa majahazi walivyoishi wakati wa kungoja. Baharia Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait kutoka Aden mwezi Desemba 1938 hadi Zanzibar na kwenye boriti za Rufiji, aliandika kwamba mabaharia hawakuwa na mshahara. Walipata fungu la mapato ya safari. Lakini kila mmoja alikuwa na kasha lake na bidhaa zake ndogo ndogo, na siku za kutia nanga zilikuwa siku za biashara. Chombo kilisubiri, biashara haikusubiri. Wasisifiwe kupita kiasi hata hivyo. Wengi wao walikuwa na madeni kwa nahodha, naye nahodha akidaiwa na wafanyabiashara wa kwao, na deni lilirithiwa kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Ziwani kusubiri ni kwa saa, si kwa miezi

Ufundi wa majahazi uliingia bara pamoja na misafara. Miaka ya 1870 wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa tayari wanaunda jahazi Ukerewe. Na tanga halijatoweka ziwani. Injini za kubandika ni nyingi siku hizi, lakini mvuvi asiye na uwezo wa petroli bado hushona tanga la turubai au la mifuko ya plastiki, akitumia pepo mbili ambazo hazingoji miezi sita kugeuka. Hugeuka kila siku.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa husukumwa kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa mialo ya Geita, iliyo upande wa kusini wa ziwa, upepo huo humpeleka mvuvi nje kabla ya alfajiri bila kutumia tone la mafuta. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo hugeuka na kumrudisha nyumbani. Babu zetu waliovua kwa tanga walikuwa na ratiba iliyochapishwa na jua lenyewe.

Tatizo liko katikati ya ziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na linazungukwa na nchi kavu pande zote. Pepo za usiku zinazotoka Tanzania, Kenya na Uganda hukutana juu ya maji, hewa yenye unyevu hupanda, na radi huanza. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati mvua za nchi kavu hupendelea alasiri. Saa za dhoruba ndizo saa za uvuvi wa dagaa, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa taa hazivuti samaki vizuri na boti nyingi hupumzika. Mvuvi wa dagaa anayo kalenda ya kusubiri tayari, na upepo mbaya humpunguzia zile siku chache alizobakiwa nazo.

Kuna hila nyingine inayowahusu zaidi watu wa Geita na Sengerema. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini huzidi nguvu. Mtu aliyesimama mwaloni upande wa kusini huona maji yametulia, kwa kuwa upepo unatoka mgongoni mwake na mawimbi bado hayajapata nafasi ya kukua. Akisonga nje kilomita kadhaa anakuta ziwa jingine kabisa, na wakati wa kurudi upepo ule ule uliomsindikiza unamkabili usoni. Mwenye tanga ndiye anayeumia zaidi, lakini hata injini ndogo hula petroli mara mbili ya iliyokadiriwa.

Wanaokufa wawili wawili

Taifa linakumbuka MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na kuua zaidi ya watu 800, na MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya 200. Misiba yote miwili ilihusu upakiaji wa kupita kiasi kuliko upepo. Upepo wa ziwani huua kwa namna nyingine. Huchukua watu wawili usiku huu, watatu wiki ijayo, katika mtumbwi usio na jina wala orodha ya abiria, na habari yake haivuki kata. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi kwa ziwa zima, nchi zote tatu, ni vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Wapo wanaoyaona kuwa makubwa mno. Kwamba ubishi wenyewe unahusu maelfu ya watu ni dalili ya jinsi vifo hivyo visivyohesabiwa.

Juhudi zimefanyika. Kati ya 2017 na 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani na taasisi za hali ya hewa za nchi za Afrika Mashariki ziliendesha mradi wa HIGHWAY, kwa fedha za Uingereza, ili kutoa utabiri wa ziwa uliogawanywa kwa maeneo na kwa saa, kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ina rada Mwanza inayoona dhoruba zikiundwa. Tathmini ya mradi huo ilikadiria kuwa vifo vinavyotokana na hali ya hewa ziwani vingepungua kwa takriban asilimia 30. Hilo si jambo dogo.

Lakini utabiri haumzuii mtu kwenda. Unampa tu sababu ya kubaki. Mvuvi anaposikia redioni kwamba upepo utafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita mbili, anachofanya baadaye kinategemea hesabu nyingine, na hesabu hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini.

Hesabu ya tajiri na hesabu ya baharia

Chukua mfano wa kufikirika, tarakimu zikiwa za kuelewesha tu. Boti ya dagaa pamoja na injini, taa na wavu ina thamani ya Sh8,000,000. Usiku mmoja wa kawaida hutoa dagaa wa Sh300,000, na petroli na gharama nyingine ni Sh100,000, hivyo zinabaki Sh200,000. Tuseme usiku wa kawaida uwezekano wa kuipoteza boti ni mara moja katika 1,000. Hasara inayotarajiwa ni Sh8,000, na safari inalipa. Usiku wenye onyo la TMA, uwezekano huo tuseme unapanda hadi mara moja katika 20. Hasara inayotarajiwa sasa ni Sh400,000, mara mbili ya faida. Mwenye boti, ambaye mialoni huitwa tajiri hata kama utajiri wake ni wa mkopo, anapaswa kukataa boti isitoke, hata kabla ya kuhesabu roho za watu.

Mbona basi boti hutoka? Sababu ya kwanza ni uzoefu wenyewe. Katika mara 20, mara 19 waliotoka walirudi salama. Mwenye kuona hilo mara nyingi huamini macho yake kuliko redio, na onyo moja lililopita bila upepo linatosha kulidharau linalofuata.

Ya pili ni bei. Boti nyingi zinapobaki ufukweni, dagaa huadimika na bei hupanda. Tuseme imepanda mara mbili. Boti moja iliyothubutu sasa inaleta mzigo wa Sh600,000, na baada ya petroli zinabaki Sh500,000. Zimeizidi ile hasara ya Sh400,000. Kwa maneno mengine, subira ya wengi ndiyo inayomlipa yule asiyesubiri. Kadiri mwalo unavyotii onyo, ndivyo kishawishi cha kulivunja kinavyokua. Hapa mahubiri ya kuwataka wavuvi wawe waangalifu hayasaidii sana, kwani soko linahubiri kinyume chake, na soko linalipa taslimu.

Ya tatu ni deni. Wanunuzi wengi wa samaki huwakopesha wenye boti nyavu na mafuta kwa sharti la kuuziwa mzigo. Mkopo huo haujui upepo. Wakala anayesubiri sangara na barafu yake inayeyuka ana haraka yake mwenyewe, naye humpigia simu tajiri, si TMA.

Halafu kuna wale waliomo ndani ya boti. Mapato yakishatolewa gharama hugawanywa kwa mafungu kati ya tajiri na mabaharia wake, kwa taratibu zinazotofautiana kutoka mwalo hadi mwalo. Katika mfano wetu, wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja wa mabaharia wanne anapata Sh25,000. Asipokwenda anapata sifuri, na chakula cha siku hiyo anakila kwa mkopo utakaokatwa kwenye fungu lake. Boti ikizama si yeye aliyepoteza Sh8,000,000. Alichoweka rehani ni uhai wake, ambao haumo katika hesabu ya mtu yeyote, na kijana wa miaka 20 mwenye deni la chakula cha siku tatu haelekei kuuthamini inavyostahili.

Mvuvi wa sangara wa makila ana tatizo la ziada. Nyavu zake hutegwa jioni na kufuatwa asubuhi. Upepo ukianza usiku nyavu zikiwa majini, kusubiri ufukweni kunamaanisha samaki kuozea kwenye nyavu, nyavu kusombwa au kuibwa. Mwenzake wa dagaa anaweza kusubiri kabla ya kutoka. Yeye, kwa kiasi kikubwa, ameshatoka akiwa amelala nyumbani.

Shimo la dhahabu na ngitili

Watu wa ukanda huu si wageni wa biashara inayodai subira. Vijana wengi huhama kati ya mialo na machimbo, na wanaijua mikataba ya pande zote mbili. Katika machimbo madogo ya Geita na Kahama, mwenye duara ndiye anayelisha kikosi wakati shimo bado ni udongo mtupu. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Mwamba ukipatikana hurudisha gharama zake kwanza, ndipo mgawo ufanyike. Usipopatikana, chakula kile ni hasara yake. Mkataba huo una dhuluma zake nyingi, na hakuna haja ya kuupamba, lakini juu ya jambo hili moja uko wazi: kungoja ni gharama ya mradi, si deni la mchimbaji.

Kwa wafugaji wa Shinyanga jibu ni la zamani zaidi. Ngitili ni eneo la malisho ambalo familia au kijiji hulifunga wakati wa mvua na kulifungua kiangazi kikikolea, ili ng'ombe wavumilie mpaka mvua zirudi. Nyingi zilikuwa zimetoweka kufikia miaka ya 1980. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 na kumalizika 2004, ulisaidia kuzirejesha kwenye zaidi ya hekta 300,000. Zilisifiwa kwa ajili ya miti, na ni sawa. Kiuchumi, hata hivyo, ngitili ni akiba inayomwezesha mfugaji kusubiri bila kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa Oktoba. Vivyo hivyo mkulima mwenye chakula ghalani anaweza kungoja mvua ya kweli kabla ya kupanda pamba, wakati jirani yake asiye nacho anakimbilia mvua ya kwanza ya Novemba na mara nyingine hupanda mara mbili.

Ziwani hakuna ngitili. Mapato huja kila siku na huondoka kila siku, na mwalo wenye fedha nyingi kuliko kijiji chochote cha wakulima jirani unaweza kushindwa kuvumilia siku tatu za upepo.

Hata aliyerudi salama hangoji tena boti, anangoja jua. Dagaa waliovuliwa usiku huanikwa asubuhi, na wengi bado huanikwa mchangani. Jua kali huwakausha kwa siku moja. Mvua ikinyesha dagaa huvunda, na waliokuwa wa kuuzwa Kirumba, Mwanza, kwa wateja wa Kongo na kwingineko huishia kuwa chakula cha kuku. Kazi hiyo ya kuanika hufanywa zaidi na wanawake, ambao hununua dagaa wabichi asubuhi kwa fedha yao wakiwa hawajui mchana utakuwaje. Chanja zilizoinuliwa juu ya ardhi zenye kifuniko cha kuvuta wakati wa mvua hupunguza hasara hiyo sana, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na injini ya boti. Ni ajabu kwamba mipango mingi ya uvuvi huanzia kwenye boti na kumalizikia huko huko.

Kungoja pamoja

Kusubiri kwa aina nyingine kumekwisha. Tangu Juni 19, 2025 daraja la kilomita tatu hivi la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na lori linalotoka Mwanza kwenda Geita halipangi tena foleni ya kivuko wala kuangalia mawimbi. Hilo limeondoa kisingizio kimoja cha bei, ila kwa mzigo wa barabarani tu. Mzigo wa visiwani bado unakuja kwa maji.

Kama hesabu ya hapo juu ina ukweli, basi onyo la hali ya hewa linapaswa kuwa la mwalo mzima badala ya la boti moja moja. Bandari za Arabuni zilipofungwa na kusi zilifungwa kwa wote, na nahodha hakuwa na hofu kwamba mwenzake atamtangulia sokoni. Tanzania imejaribu kungoja kwa pamoja kwa sababu nyingine: Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ni mingi na malalamiko hayakukosekana. Usiku mmoja au miwili ya onyo kali ni jambo jepesi zaidi, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vipo tayari mialoni, vina viongozi na vinajua kila boti ni ya nani. Amri bila chakula hata hivyo haitadumu, na hilo lisipotatuliwa boti zitatoka kupitia mwalo wa jirani.

Suala la chakula si gumu kama linavyoonekana. Rudi kwenye boti ile ya mfano. Ikitoka usiku 18 kwa mwezi, na kila usiku Sh5,000 zikatengwa kama gharama ya boti kabla ya mgawo, kama inavyotengwa petroli, mwisho wa mwezi zipo Sh90,000. Mabaharia wanne wakila Sh6,000 kila mmoja kwa siku, fedha hiyo inawatosha kwa siku tatu na zaidi kidogo bila kukopa. Tajiri na mabaharia watakuwa wamechangia kwa usawa, kwani imetoka kabla ya kugawana. Zisipotumika mwezi huu zinasubiri mwezi wa upepo. Nani aishike fedha hiyo, tajiri, mmoja wa mabaharia au BMU, ni jambo ambalo kila mwalo utalibishania wenyewe, na huenda Nkome wasikubaliane na Chato.